Daftari la Kufuli

Sikumpenda Kufuli tangu siku ya kwanza, na yeye hakujisumbua kunipenda. Jina hilo alipewa na ofisi nzima, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyejua anachokijua. Mtandao unaounganisha zahanati zetu sita na mafaili ya wagonjwa ulipita kwenye lango moja huko kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kampuni tunayoikodi, na mipangilio yote ya lango hilo ilikaa kichwani mwa mzee mmoja mwenye sweta la kijivu. Ukimuuliza, anakujibu, "Si linafanya kazi? Unataka nini tena?" Jeuri tupu!

Halafu kampuni ikatuandikia: lango la toleo la zamani linazimwa mwisho wa mwezi, hamieni jipya. Meneja akanikabidhi kazi mimi, msichana wa shahada, na Kufuli akaambiwa anisaidie. Alinitazama toka utosini hadi unyayoni.

"Nikikuandikia kila kitu, mimi nabaki kufanya nini hapa?"

"Mzee, kazi yako haiguswi. Meneja kaniambia mwenyewe."

"Kakuambia wewe. Mbona asiniambie mimi?"

"Basi usiandike! Zahanati zikizimika, watajua nani alibania."

Hapo nilimpata. Siku tatu aliandika kwenye daftari la shule, kanipa mgongo. Mkewe alikuwa anasafishwa figo kwa mashine, kwa bima ya ofisi, na yeye alibakiza miaka minne astaafu. Alilisema hilo mara moja tu, kainama.

Jumamosi asubuhi tukahama. Toleo jipya halikai juu ya la zamani. Unabomoa kwanza, ndipo unajenga. Nikabomoa, nikajenga, nikaunganisha zahanati moja moja. Tano zikawaka kijani. Ya sita ikagoma, lakini nikajiambia hiyo ni ya dakika mbili tu. Meneja alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Vipi?" nikajibu huku nacheka, "Tumemaliza, bosi."

Kiherehere changu hicho! Hazikupita dakika kumi, akamwita Kufuli kwenye korido na kumpa bahasha. Nilisikia yote: asante kwa utumishi wako, nafasi yako haipo tena, na bima nayo inaishia leo. Barua ilishachapwa tangu Alhamisi. Meneja alikuwa anangoja neno langu tu.

Kufuli akaingia kuchukua sweta lake. Simu ya mezani ikalia, nikaipokea. Muuguzi wa zahanati ya sita alikuwa anafoka mpaka chumba kizima kinasikia: "Nina mama ana uchungu hapa, anavuja damu, na faili lake silioni! Mnafanya nini huko?"

Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, wapi! Kufuli alikuwa kasimama nyuma yangu na bahasha yake mkononi. Angeweza kuondoka. Ningekuwa yeye, wallahi ningeondoka.

"Toka hapo," akasema.

Nikainuka. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mistari niliyoiruka nikidhani ni porojo za kizee: kisanduku cha mtandao cha zahanati ya sita ni cha zamani, hakielewi mipangilio mipya, kipangiwe yake peke yake. Akachapa, akasubiri, ya sita ikawaka. Muuguzi akasema, "Nimelipata," akakata simu.

Nilikuwa nalia tayari. "Nisamehe, mzee. Nakwenda kwa meneja sasa hivi, nitamwambia mimi ndiye niliyedanganya, kwamba bila wewe..."

"Kamwambie." Akavua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya kibodi yangu. "Mke wangu ana zamu ya mashine Jumatatu. Kamwambie na hilo."

"Asante kwa..."

"Wewe usinishukuru. Sikukufanyia wewe."