Picha Nzito ya Bomba la Moshi

Kwenye tovuti yetu kulikuwa na ukurasa mmoja ambao wageni hawakuwa na habari nao, na mimi niliusoma kila asubuhi kabla hata ya chai. Uliorodhesha majina yetu, sisi watu wa kuandika programu kwa kujitolea, kwa kufuata nani ametuma marekebisho mengi zaidi. Mashine yenyewe ndiyo iliyohesabu. Miaka mitatu jina langu lilikuwa la kwanza, na sioni haya kusema kwamba nililipenda pale lilipo.

Tulikutania mtaa wa Hewa Bora, katika chumba nyuma ya depo ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliyeuza unga na sukari kwa jumla. Mpango ulikuwa rahisi: yeyote anaweza kutuma rekebisho, ila haliingii mpaka msimamizi alikubali. Msimamizi wa tovuti nilikuwa mimi. Niliijenga mwenyewe, na mbele kabisa nikaweka picha kubwa niliyoipiga siku ya jua kali, bomba la moshi la kiwanda na kile kilima chake cheusi cha mabaki ya madini. Aliyeifungua hakuwa na haja ya kuuliza tuko mji gani.

Kisha vita vya mashariki vikazidi, miji ikaanguka, malori ya yule mfanyabiashara yakaacha kurudi. Watu wakaja badala ya mizigo. Mmoja wao alikuwa mpwa wake, msichana mwenye kompyuta iliyofungwa ndani ya kitenge. Kwao naye alikuwa akiandika programu na wenzake watatu, na siku ya kukimbia walitawanyika. Wawili walikuwa vijana, hakuwahofia sana. Wa tatu ndiye aliyemkosesha raha: mama mmoja mtu mzima aliyemfundisha kazi, ambaye alibaki nyuma na simu ya zamani na mtandao wa kubahatisha. Namba zote zilikuwa hazipatikani. Kitu pekee walichokijua wote wanne ni anwani ya tovuti yetu, ambayo walikuwa wakiifuatilia tangu kwao, kwa hiyo alitegemea watamtafutia hapo.

Siku ya kwanza aliufungua ukurasa wetu kwa simu ndogo mbele ya watu wote. Akaungoja. Akachukua yai la kuchemsha, akalimenya, akalila lote na chumvi yake, na picha yangu ilikuwa haijafika hata nusu. Chumba kizima kilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa na haraka. Mimi nilitamani lile yai limkwame.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, alichukua langu. Marekebisho yake yalikuja kila siku, safi, sikupata hata pa kuchokoa, na kila nililolikubali lilimpandisha kwenye orodha. Akafika wa nne, wa tatu, wa pili. Basi nikafanya jambo ambalo ni sisi tu wa kazi hii tunaweza kulifanya: nikaanza kuikata kazi yangu vipande. Koma moja, rekebisho moja. Nukta, rekebisho lingine. Asubuhi moja nilituma kumi na mawili, na koma nyingine nilikuwa nimezikosea kwa makusudi jana yake ili nipate za kusahihisha. Eh, wivu hauna haya.

Kisha akatuma rekebisho kubwa. Picha imeondoka, ukurasa unafunguka hata kwa mtandao wa kuokoteza, na chini kuna mahali pa mtu kuandika mji aliko ili wenzake wamwone. Kila mtu alimsifu. Kiongozi wetu, mwanamume mpole asiyejua kuumiza mtu, aliniambia eti sasa tovuti imepata mwenyewe. Sasa! Na ile miaka mitatu nilikuwa nafagia?

Nilimwandikia kwamba nitaangalia. Sikuangalia. Kesho yake nikamwomba abadilishe rangi, akabadilisha. Nikamwomba arudishe ile ya kwanza, akarudisha. Nikadai maelezo ya kila mstari, akayaandika yote, na mwishoni akaweka "aksanti yaya", kama mdogo anayemshukuru ndugu yake mkubwa, kama kwamba namsaidia. Hiyo aksanti iliniudhi kuliko yote. Kiongozi alipouliza, nilijibu kwamba bado najaribu. Siku tisa nilimkalia hivyo, na sikuwa najaribu kitu.

Siku ya kumi alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Yaya, jina langu toa, weka lako. Mimi nataka tu page ifunguke. Kuna muntu ananitafuta na simu mubaya."

Ningeweza kukataa hiyo zawadi. Nilitoa jina lake, nikaweka langu, nikakubali.

Siku mbili baadaye mmoja wa wale vijana wawili aliandika kwamba yuko Mokambo, na wa pili Pweto. Chumba kilipiga makofi. Mfanyabiashara akaleta kreti ya soda, na kiongozi akanishukuru mimi mbele ya wote, kwa sababu jina lilikuwa langu, na msichana alikuwa amewaambia kwamba mwishowe niliiandika upya mimi. Msichana naye alinipigia makofi. Soda ile niliinywa kama dawa ya minyoo.

Yule mama hakuandika. Nikafungua kumbukumbu za seva, ambazo ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Seva huandika kila anayebisha: saa, aina ya simu, upande aliko, na kama ukurasa ulimfikia mzima. Katika zile siku tisa, simu moja ya zamani kutoka upande wa mji wao ilibisha mara kumi na moja. Kila mara ilikatika katikati ya picha yangu. Siku ya tisa peke yake ilibisha mara nne. Kuanzia ya kumi haikubisha tena. Labda si yeye. Najiambia hivyo.

Wiki iliyofuata msichana aliniuliza kama kuna njia ya kujua iwapo mama yule aliwahi hata kututafuta. Kumbukumbu zilikuwa wazi mbele yangu, nikazifunika kwa dirisha lingine.

"Page haiandikake bale benye kushindwa kuingia," nilimwambia, kwamba walioshindwa kuingia hawaandikwi popote.

Akaitika kwa kichwa, akasema aksanti yaya, akarudi kwenye meza yake. Tunafanya kazi pamoja hadi leo, na kwenye orodha yeye ni wa pili.