Salamu Niliyochelewa Kuitika

Kabla sijajua hata kufunga mtandio, nyanya yangu kule Kisauni alinifundisha kwamba kutoa salamu ni sunna, kuitika ni faradhi. Naandika haya nikijua angenisuta.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ndogo ya macho, Changamwe. Daktari wa upasuaji alikuja Jumatano moja tu kwa mwezi, na kompyuta ndiyo iliyowakumbusha wagonjwa kwa ujumbe wa simu: jibu 1 kama utakuja, 2 kama huji. Aliyejibu 1 aliingia kwenye orodha. Asiyejibu, nafasi yake alipewa mwingine. Jibu lolote lisilokuwa tarakimu kompyuta haikulielewa. Ililiweka pembeni nilisome mimi. Kazi hiyo niliidharau. Nilijiuliza mtu mzima anashindwaje kubonyeza namba moja.

Kulikuwa na mama mmoja wa Jomvu Kuu, umri umekwenda, aliyefundisha watoto Kurani chuoni miaka mingi. Presha ya macho ilikuwa imeshalizima jicho lake la kushoto. Daktari alimwambia upasuaji hautarudisha lililopotea, ila utaliokoa la kulia akiwahi. Alitaka limtoshe kusomea msahafu, basi.

Jumatano ile alifika mapema, buibui limepigwa pasi. Jina lake halikuwamo. Nikamwambia hakujibu. Hakubishana nami, alinipa simu nisome mwenyewe:

"Assalaam alaykum. Hamjambo nyote hapo? Ujumbe wenu nimeupata, nashukuru. Nitakuja inshallah. Mwenyezi Mungu awape afya muwatazame watu."

Ujumbe wetu haukuwa na salamu hata moja. Yeye alianza nazo, kwa sababu kwetu mtu haingii kwa watu na shida yake tu, kavukavu. Nami nimezaliwa papa hapa, nayajua hayo.

Nilifungua ule upande wa kompyuta nisioufungua. Salamu zake zilikuwapo, tangu siku tatu nyuma, pamoja na za wengine wengi. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Nilimwambia mtandao ulisumbua, arudi mwezi ujao. Uongo ule ulinitoka kirahisi, na ndio unaoniuma zaidi. Akasema hapana neno, akaondoka akipapasa ukuta.

Mwezi uliofuata ujumbe ulipotumwa, nilikaa nikingoja jibu lake. Likaja, herufi zimerukana, salamu zilezile. Safari hii niliandika mwenyewe: "Waalaykum salaam, mama. Shikamoo. Sisi wazima. Nafasi yako ipo, tunakungoja."

Alikuja ameshikwa mkono na bintiye. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akasema jicho la kulia nalo limekwenda. Angelifanyiwa mwezi uliopita, pengine lingeokoka. Wakati wa kutoka alimsimamisha bintiye mbele ya meza yangu, akauliza yuko wapi yule aliyemwandikia. Nikasema ni mimi.

"Ndiwe uloniitika salamu, mwanangu?"

"Ndimi, mama."

"Mungu akulipe. Ile mara ya kwanza nilidhani huku hakuna mtu."

Nilikuwapo. Nilifungua kinywa nimwambie, nikaitika amin.