Ubao Bila Chaki

Leo nimetwanga majani ya muhogo, na harufu yake imenirudisha Midia, kijijini kwetu, kwenye shule tuliyoikuta bila paa tuliporudi kutoka ukimbizini. Walimu walikuwa wameketi ukutani, hata sisi watoto hawakutufukuza. Kisha mwalimu mkuu akaja na majani ya muhogo yaliyotwangwa, akayachanganya na unga wa makaa, akaanza kupaka ubao uliopauka.

"Madam, chaki iko?" mwalimu mmoja akamuuliza.

"Chaki hakuna."

"Sasa tunapaka ya nini?"

"Wewe paka tu, mwalimu."

Wakacheka, mmoja akalia, halafu wote wakainuka, wakapaka kwa viganja. Sikuelewa kama wanafurahi. Walipoondoka nilibaki mbele ya ubao ule mweusi, nikitafuta walichoandika.