Ada ya Uchawi Ilikuwa Siri

Masika ya mwaka ule nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilinuka chokaa iliyolowa. Kuta zilikunywa maji mpaka zikavimba, na ukiegemea unaondoka na unga mweupe mgongoni. Skuli zilikuwa zimefungwa. Tulikuwa watatu juu ya mkeka, ghorofa ya pili: mimi, msichana wa miaka kumi na mbili mwenye mdomo wa mtu wa arubaini, binamu yangu Khatibu, aliyekuja likizo kutoka Maskati, na Rahma wa nyumba ya pili, shoga yangu tangu chuoni tulikosomea Kurani. Huko Maskati Khatibu alikuwa ameona mchezo ambao watu huketi pamoja, kila mmoja akajifanya mtu wa hadithi, mmoja akasimulia yanayowakuta, na dadu ikaamua nani anapona. Kitabu cha kanuni hakuwa nacho. Alikuja na dadu moja ya pande ishirini na maneno mengi.

Hadithi tuliitunga upesi. Uchawi ndio uliotutoa jasho. Mchawi anayeweza kila kitu huua mchezo, hilo tuliliona siku ya kwanza. Khatibu akataka kila mtu apewe nguvu kumi, zikiisha basi. Nilimcheka. Hata mganga hagusi kazi bila kutaka chake, iwe ubani, iwe kuku, sembuse uchawi wenyewe? Rahma ndiye aliyelipata jibu: ada iwe siri. Anayetaka kufanya uchawi aseme siri ya kweli mbele ya wenzake. Siri nyepesi hufungua mlango, ya wastani huponya jeraha, na nzito kabisa humfufua aliyekufa. Rahma alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo kanuni zote ziliingia kwenye daftari lake, na yeye akawa mpima uzito. Mpaka leo naiona ilikuwa kanuni nzuri, na nasema hivyo bila aibu. Katika nyumba ambamo mtoto hufunzwa sitara kabla hajafunzwa kusoma, hakuna kitu kigumu kukitoa kuliko siri.

Wiki mbili tulitoa siri ndogo ndogo. Nilikiri kula kashata za wageni. Khatibu akakiri kukojoa kitandani mpaka ana miaka tisa, tukacheka hadi Bibi akatupigia kelele kutoka jikoni. Kisha mtu wangu, nahodha mwanamke niliyempenda kupita kiasi, akatumbukia kisimani akafa, nami siri zangu nilikuwa nimezimaliza. Msimu huo mdogo wake mama, Khalati Zuhura, alikuwa ameposwa na kaka yake Rahma, na kilichobaki ni kupanga siku. Kwa kusikiliza mlangoni nilijua jambo ambalo Bibi alikuwa ameamuru lisitoke mpaka baada ya ndoa: Khalati alikuwa na kifafa, kikimshika mara moja moja. Nikalisema. Nililisema mbele ya dada wa bwana harusi, kwa ajili ya nahodha wa karatasi.

"Hiyo si siri yako," Khatibu akasema.

"Soma daftari," nikamjibu. "Pameandikwa siri ya kweli. Hapakuandikwa yako."

Rahma alinitazama, akainama, akaandika: nzito, kafufuka.

Siku ya nne walikuja wazee wa upande wa pili, wakanywa kahawa, wakasema istikhara haikukubali. Kwetu hiyo ndiyo njia ya adabu ya kurudisha posa. Wanaoambiwa hawaulizi zaidi. Khalati alishinda chumbani siku tatu. Mimi nililia chooni, na kilichoniliza kilikuwa woga, si majuto. Woga ulipopungua nikapata wa kumlaumu. Rahma alipokuja kubisha hodi sikumwitikia, na tulipokutana njiani nikavuka upande wa pili. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Hawakusema kichwa cha nani.

Siku hizi wanangu wanaucheza mchezo ule ule nyumbani kwetu Kiembe Samaki, kwa kitabu cha kununua. Mchawi wao akichoka hulala, na akiamka nguvu zake zote zimerudi. Nawatazama nikiona ni uchawi rahisi mno, lakini siwaambii. Mwaka jana nilikwenda Matemwe, alikoolewa Khalati miaka mingi baada ya masika yale, na mtu aliyeambiwa kila kitu mapema. Alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza yote. Hakuinua uso.

"Nnajua, mwanangu. Rahma alikuja siku ile ile, analia. Kanambia, 'Dada Zuhura, nshalisikia, lakini sitosema kwa mtu.' Nkaona mtoto wa watu atalibebaje hilo ndani ya nyumba yao? Nkenda mwenyewe kwa mama yake, nkamwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza." Akatupa kijiwe nje. "Yeye ndiye alonipaka hina siku ya harusi yangu. Akakuulizia."

Nilikuwepo kwenye harusi ile. Nilimwona Rahma na bakuli la hina mapajani, akinitafuta kwa macho, nikampa mgongo.