Maganda ya Kahawa Yalipokuwa Bado Moto

Ilianza Jumanne ya likizo, saa kumi na robo jioni. Anko, mdogo wa marehemu baba, aliingia kwa shamba letu la Gitothua na panga, akaanza kufyeka sukuma wiki za mama. Hakusalimia. Alianzia laini ya kwanza, zile kubwa, shina moja panga moja.

Mama husomba maganda ya kahawa kutoka kinu kimoja upande wa Thika. Anayarundika nyuma ya choo, anayageuza na kuyamwagilia mpaka yaoze yawe mbolea. Yakiwa yanaoza hutoa joto kali. Kuyapima, unatumbukiza mkono hadi kiwiko na kuomba Baba Yetu. Ukifika Amina bila kuutoa, yameiva. Wiki moja kabla ya siku hiyo, anko hakupima. Alijichotea tu, akaifunika spinachi yake yote, na ikaungua.

"Ulinipatia sumu," akasema.

"Shemeji, nilikwambia ungoje."

"Ningoje nini, profesa wa takataka? Shamba ni la babangu na bado unaniwekea sheria."

Sukuma hizo ndizo tunakula, na ndizo zinaniweka shule. Kwa hivyo mama akasimama mbele ya laini ya pili. Anko akamzaba kofi. Mama hakutoka. Anko akampiga ngumi ya mdomo, damu ikashukia leso, na bado hakutoka. Ndipo anko akamkamata mkono, akamburuta hadi kwa rundo na kuusukuma ndani mpaka begani.

"Omba basi. Omba tusikie."

Mama alianza kweli. Baba yetu uliye mbinguni. Alipofika kwa mkate wetu hayakuwa maneno tena, ni mayowe, na mvuke ulikuwa unatoka kando ya shingo yake.

Mimi huwa siongei na anko. Hata salamu yake naijibu nikiangalia chini. Nilichukua koleo ya kugeuzia maganda nikampiga nayo mgongoni, halafu kwa goti, halafu tena akiwa ameanguka. Nilitaka kuendelea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliyenizuia ni mama, kwa ule mkono mzima.

Anko akaenda akichechemea. "Huyu bubu wako nitamfunza adabu. Na mtahama hapa, nyinyi wote."

Nikimwagia mama maji baridi, akaniambia, "Tutasema ni chai. Ukimtaja, wazee wa kwao watatutoa kwa hili shamba. Umesikia?"

Nilisikia.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka zahanati. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yameshapasuka. Muuguzi akauliza ni nini.

"Chai," mama akasema. "Ilinimwagikia."

Muuguzi akatazama mdomo uliopasuka, kisha akanitazama mimi. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema ni anko, na ni maganda ya kahawa, na aliyempiga anko na koleo ni mimi. Nilisema polepole, maana muuguzi alikuwa anaandika.