Video ya Kabla

Mwalimu Gathoni alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoapa kwamba hatachekwa tena na kijana yeyote kwa sababu ya waya. Siku aliyochekwa nilikuwapo. Afisa mmoja, kijana wa juzi tu, alikuja shuleni kwetu huku upande wa Kiminini kutuonyesha projekta, akamwambia Gathoni aichomeke kwenye laptopu. Gathoni akauzungusha ule waya, akaujaribu kwenye tundu hili na lile, akaugeuza juu chini, mpaka kijana akaangua kicheko. Sisi walimu wenzake nasi tukacheka, kwa sababu afisa akicheka watu hucheka. Mimi nilicheka pia. Nakwambia mapema ujue unasimuliwa na mtu wa aina gani.

Naitwa Jerop, nafundisha hesabu, na meza yangu imegusana na meza ya Gathoni miaka kumi na minne. Yeye ni mzaliwa wa Kitale, wa zile familia zilizotoka Nyeri zamani zikaja kulima Trans-Nzoia. Si mtu wa maneno mengi, na hanuni. Baada ya aibu ile alianza kwenda mjini Kitale kila Jumamosi, mwaka mzima, kwenye saiba moja, chumba cha kompyuta za kukodi, nyuma ya soko. Aliketi katikati ya vijana waliomaliza kidato cha nne, wao wakitafuta kazi, yeye akiwa na daftari anaandika kila hatua: bonyeza hapa, shika, buruta, achilia. Akajifunza slaidi. Akajifunza kukata video kwa simu. Akajifunza kurekodi sauti yake akiwa amejifunika blanketi, ili jogoo wa jirani asiingie.

Halafu akafanya jambo ambalo sisi wengine hatukuliwaza. Shuleni tulikuwa na vishikwambi vya serikali vilivyofungiwa kabatini tangu vilipoletwa, mwalimu mkuu akiogopa vitaibwa. Gathoni alivitoa, akavichaji, akavitia video zake fupi za kusoma. Video yenyewe ilikuwa rahisi: ukurasa wa kitabu, kidole chake kikipita chini ya neno moja moja, sauti yake ikilisoma polepole, kisha kimya kidogo ili mtoto arudie. Mtoto anayeona haya kusoma mbele ya wenzake alivaa vipokea sauti, akasoma na mwalimu masikioni, hakuna wa kumcheka.

Gredi ya nne ilikuwa na watoto tisa wasioweza kusoma sentensi nzima. Kufikia mwezi wa sita, saba kati yao walikuwa wanasoma. Nililiona hilo kwa macho yangu, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Kazi ya Gathoni ilikuwa ya kweli. Haikuhitaji kutiwa chumvi hata punje.

Mwezi wa saba shirika moja linalofunza walimu lilitangaza mkutano mjini Bungoma. Kila mwalimu alete mbinu yake ya kidijitali, na atakayefaa zaidi achukuliwe kuwa mkufunzi wa wenzake. Fomu ilitaka video mbili: mtoto kabla ya mbinu, na mtoto yuyo huyo baada. Video za baada Gathoni alikuwa nazo tele. Ya kabla hakuwa nayo hata moja. Nani angekumbuka kumrekodi mtoto akishindwa, na kazi yenyewe ilikuwa kumwondolea mtoto aibu?

"Basi nimekosa," akasema, akafunga laptopu.

"Si urekodi saa hii," nikamwambia. "Mchukue mtoto mmoja ajifanye hajui. Ni ukweli, ama si ukweli? Walikuwa hawajui."

Kwa hivyo wazo lilikuwa langu.

Kwanza alimwita Wekoye, mmoja wa wale saba. Alimweleza kwa upole kwamba asome vile alivyokuwa akisoma zamani. Wekoye alikataa katakata. "Hapana, mwalimu. Mimi nimeshatoka huko," akasema, akarudi darasani bila kungoja ruhusa. Pale tungeacha, kama tungekuwa watu wa kusikia.

Tukamchukua Nabwile. Nabwile Mukhisa alikuwa anasoma vizuri tangu gredi ya kwanza, na kwa kuigiza hakuwa na mpinzani. Ukimwambia awe chifu anayetafuta miwani, unaiona miwani. Gathoni akaketi kando yake ameshika kitabu, mimi nikashika simu. Nabwile akalikodolea macho neno "matofali", akauma mdomo. "M... ma... mato..." Akajikuna kichwa. Akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Tulicheka mpaka machozi, ikabidi kurekodi mara tatu, kisha tukamrekodi akisoma vizuri, iwe video ya baada. Gathoni akaongeza sauti yake mwanzoni: "Huyu ni Nabwile, mwezi wa pili." Kisha akamshika mtoto begani, akamwambia asimwambie mtu yeyote, hata nyumbani.

"Haki ya Mungu, mwalimu, siwezi sema," Nabwile akaapa.

Gathoni akaalikwa Bungoma. Mwalimu mkuu kwa furaha yake akazituma video zote mbili kwenye kikundi cha wazazi.

Baba yake Nabwile, mzee Mukhisa, ni mkulima wa mahindi. Hajui kusoma na hafichi. Simu yake ni kabambe, kisimu cha vitufe kisichopokea video, lakini jirani alimwita akamwonyesha kwenye yake. Mkewe Nasimiyu anafanya kazi Uarabuni. Kupiga simu ni nadra kwa sababu ya tajiri wake, kwa hivyo huandika ujumbe, na kwa miaka miwili Nabwile ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake ujumbe huo na kumwandikia majibu. Kisimu kikijaa, mtoto alifuta jumbe za zamani, kwa hivyo hazikubaki za kusomwa tena. Sasa mzee anamwona mtoto yuyo huyo, mwezi wa pili wa mwaka huu, akishindwa na neno "matofali".

Ijumaa alikuja shuleni na kuku mtetea chini ya kwapa.

"Mulembe, mwalimu. Mimi nimekuja kukushukuru," akamwambia Gathoni, akamkabidhi kuku kwa mikono miwili. "Hii mtoto ilikuwa inanidanganya miaka mbili. Ati anasoma message ya mama yake, kumbe anatunga tu kwa kichwa! Na zile alikuwa anarudisha, sijui aliandika nini. Mama yake alisema hakuji Pasaka, nikamkasirikia. Sasa hata sijui kama alisema hivyo."

Gathoni alimkumbatia kuku asimponyoke.

"Kumuuliza mama yake naona aibu, ataniona mjinga kabisa. Lakini simu nimemnyang'anya mtoto. Message ikiingia napelekea vijana wa boda pale stegi, wananisomea." Akacheka kidogo, akiangalia chini. "Mambo ya bwana na bibi, bana, wanasikia yote. Nitafanya nini? Ni heri hiyo kuliko uongo. Wewe umeniokolea mtoto, mwalimu. Mungu akuweke."

Alipotoka, Gathoni alibaki amemkumbatia yule kuku, uso umemwiva kwa aibu. "Tumfuate, Jerop. Tumwambie sasa hivi."

"Baada ya Bungoma," nikasema. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeahirisha kusahihisha madaftari.

Siku ya mkutano mwalimu mkuu alitubeba kwa gari lake: Gathoni, mimi, Nabwile akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi, na mzee Mukhisa kwa koti lake la kanisani, maana mwalimu mkuu alitaka mzazi wa kutoa ushuhuda. Ukumbi ulikuwa karibu na reli, na walimu walikuwa kama mia mbili. Gathoni aliunganisha projekta mwenyewe, bila kubabaika, na kwa dakika moja nilisahau kila kitu kwa jinsi nilivyomwonea fahari.

Video ya kabla ikachezwa. Nabwile alikuwa mkubwa ukutani, anauma mdomo, anajikuna. Walimu wakacheka kicheko cha huruma. Kisha Nabwile mwenyewe akapanda jukwaani, akapewa kitabu ambacho hakuwahi kukiona, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Ukumbi ukashangilia. Ndipo mzee Mukhisa akasimama na kuomba kipaza sauti.

"Mimi ni baba ya huyu," akasema, akamgeukia mtoto. "Nabwile, ulinidanganya sana. Nilikuchapa na nikakuita mwongo. Lakini leo, mbele ya hawa walimu wote, baba yako amekusamehe."

Watu walisimama kupiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Nabwile alisimama kando ya skrini na kitabu chake, amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, akamtazama Gathoni. Alikuwa anangoja. Hakusema neno, kwa sababu alikuwa ameapa.

Gathoni alibonyeza slaidi inayofuata.

Wakati wa chakula Nabwile hakugusa chapati yake. Gathoni naye hakula. Alimwita mzee Mukhisa nyuma ya ukumbi, kwenye tangi la maji, nami nikawafuata nikasimama mbali kidogo. Alimweleza yote kwa kifupi: kwamba mtoto anajua kusoma miaka yote, kwamba alifundishwa kujifanya hajui, kwamba kila ujumbe wa mama yake aliusoma sawasawa, na Pasaka ni kweli mama alisema haji. Akamwomba msamaha. Hakujitetea, wala hakunitaja.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akalifunga bomba lililokuwa likidondosha maji.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimesamehe mtoto mbele ya watu mia mbili. Wewe unaniambia hapa, kwa tangi."

Akageuka akarudi ndani, akaketi kando ya bintiye.

Gathoni aliosha uso palepale bombani. Nilimshika mkono. Nikamwambia angoje, tutaandika barua, tutaongea na mwalimu mkuu kwanza, asijiharibie kazi kwa hasira ya dakika moja. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaniacha.

Kipindi cha alasiri kilikuwa kimeanza. Mwalimu mmoja kutoka Bokoli alikuwa anaeleza jinsi ya kufundisha ramani kwa simu. Gathoni alitembea mpaka mbele, akamwomba radhi, akachukua kipaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshaketi, safu ya tatu, mkoba mapajani.

"Video ya kwanza mliyoiona asubuhi ni ya uongo," akasema. "Nabwile hakuwahi kushindwa kusoma. Mimi nilimwambia ajifanye, na nikamwambia asiseme. Baba yake amemwita mwongo hapa mbele yenu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Mtoto hajawahi kumdanganya baba yake. Mwongo ni mimi, na nilifanya peke yangu."

Mkuu wa mkutano alifunga faili lake. Mwalimu mkuu wetu aliinamisha kichwa mpaka nikaona upara wake wote. Kijana mmoja nyuma akasema, "Eish," na hakuna aliyecheka.

Mzee Mukhisa akasimama polepole. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayehesabu mbegu, anataka tu ziwe kamili.

"Asante, mwalimu. Lakini ile video mimi nimeangalia mara mingi sana," akasema. "Wewe uko ndani. Umeshika kitabu. Sasa nani alikuwa anapiga hiyo picha?"

Gathoni akatazama sakafu.

Nilijiambia: ukimya huu ukipita, nasimama. Miguu ilikuwa mizima. Kiti hakikuwa kimenishika. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria uso wa mwalimu mkuu, nikafikiria namna Gathoni alivyokuwa pale mbele, peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyekuwa akitazamwa na ukumbi mzima. Sikutaka kutazamwa hivyo. Huo ndio ukweli wote, hakuna mwingine chini yake.

"Nabwile," mzee akamgeukia bintiye. "Nani alishika simu?"

Nabwile aliinua macho, akayapitisha kwenye viti, akanipata. Alinitazama vile tunavyowatazama watoto tunapojua jibu lao na tunawapa nafasi walitoe wenyewe. Akangoja kidogo. Mimi nikaushika mkoba wangu.

"Hakuna mtu, baba," akasema. "Simu ilikuwa imewekwa kwa dirisha."

Mzee Mukhisa akamtazama, akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Nakuamini." Akamshika mkono, wakaketi, na yule mwalimu wa Bokoli akarudishiwa kipaza sauti aendelee na ramani zake.