Shemeji Alifunika Tanuri la Chokaa, Sasa Laana Ni Mimi

Admin, usiniweke jina, watu wa kwetu wanasoma hii page. Niko na miaka arobaini na nane, ni mjane, nimeokoka, naishi upande wa Katelembo. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie.

Marehemu mume wangu na kaka yake walikuwa wachoma makaa. Miti ilipoisha wakaanza kuchoma mawe ya chokaa. Mume wangu alikuwa anaacha tanuri wazi juu. Alipofariki, shemeji akaanza kulifunika kwa udongo vile hufunikwa makaa, ati kuni zisiishe haraka. Tangu hapo chokaa imekataa. Chokaa iliyoiva ukiimwagia maji inachemka na kupasuka. Yetu inakaa tu, kama jiwe la mtoni.

Shemeji akasema mbele ya watu tukitoka ibada, "Mjane akikaribia moto, moto unapoa. Huyu ndiye ametufungia tanuri." Wale nilioimba nao kwaya wakaangalia chini.

Msichana wangu, nitamwita Mwende, anasoma kemia chuo. Alipokuja likizo nikamlilia. Akafungua kitabu chenye jedwali la nguvu za joto za kila kitu: jiwe, chokaa, na ile hewa inayotoka jiwe likiungua. Akatoa, akajumlisha, akapata namba. "Mwaitu, mama yangu, namba hii inaonyesha jiwe litakubali kugeuka kiasi gani. Moto ukiwa mdogo, ni karibu sifuri. Moto ukikaribia digrii mia tisa, inafika moja, hapo hewa ya jiwe iko na nguvu ya kusukuma itoke. Uncle akifunika, moto haufiki huko, na hewa ikikwama ndani, chokaa inarudi kuwa jiwe."

Sikuelewa yote. Lakini tulichoma rundo dogo la mawe nyuma ya jikoni, juu wazi, upepo ukiingia chini. Yakaiva. Nikampelekea shemeji jiwe moja, nikidhani nampelekea amani. Akalimwagia maji. Likanguruma, likamrukia mkono. Bibi yake akacheka, "Baba Kioko, leo umekemewa na jiwe!"

Hicho kicheko ndicho kimenimaliza. Shemeji akanigeukia, "Kwa nini linakubali kwako na kwangu linakataa? Si ni nyinyi mmelifunga?"

Mwende akasema, "Uncle, toa tu udongo juu."

"Nyamaza! Namba ndiyo inachoma mawe? Kumbe wachawi ni wawili, wewe na mama yako!"

Sasa ameita ukoo Jumamosi. Anataka nile kile kiapo cha mababu, kile wanachosema kinaua mwenye hatia, ama nitoke kwa boma nililozikia mume wangu. Mimi na kiapo hicho tuliachana nilipobatizwa. Mwende anataka kuchoma mawe tena mbele ya wazee wote, tanuri wazi. Nilikuwa nikiogopa jiwe likikataa. Siku hizi naogopa likikubali, kwa sababu yule atakayeitwa mchawi hapo ni mtoto wangu, na yeye bado hajaolewa, hajamaliza hata masomo.

Mchungaji ameniambia niombe na ninyamaze. Naomba kila siku, wapendwa, na kila nikinyamaza shemeji anaongeza udongo. Nyinyi mlio na watoto, niambieni: Jumamosi nimwache Mwende awashe moto, ama nimfiche nyumbani nikubali kuwa laana mimi peke yangu?